Majani Yaliyotupwa Chini ya Daraja

Kikosi cha Nyanda za Juu kilipofika Lukemba asubuhi ile, jambo la kwanza kiliuliza mawe yako wapi.

"Mawe?" Zaituni Libenanga alicheka mpaka akashika kiuno. "Baba, hapa ni bondeni. Mawe mmeyaacha kwenu, pamoja na baridi yenu. Sisi hata la kusugulia kisigino tunaagiza."

Anyandwile, kiongozi wa kikosi hicho, hakukasirika. Watu wa juu na watu wa bonde ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. "Na haya maji yenu yanakwenda au yamelala?" akajibu. "Nimetupa kijiti tangu tushuke kwenye gari, bado kipo hapo kinanitazama."

Nilicheka nao, maana asiyecheka penye utani ana lake jambo. Mimi ndiye Tusekile, mlinganishi wa vipimo vya mto Luhenda wote, kutoka chemchemi zake mpaka unapoingia baharini. Nimezaliwa juu, nimeolewa bondeni. Zaituni, anayeongoza kikosi cha bonde, ni wifi yangu, anamfuata mume wangu kwa kuzaliwa. Watu wa juu wanaamini nimehongwa kwa wali wa nazi. Watu wa bonde wanaamini moyo wangu umebaki kwetu kwenye ndizi. Wanaotoa kazi hii humtafuta mtu wa namna yangu makusudi, mtu ambaye upande wowote hauwezi kumpenda sana.

Nyuma yetu lilisimama lango la mfereji wa Lukemba, chuma kitupu, na juu yake taa ya kijani. Lango lile halina mkono wala ufunguo. Linamsikiliza Mwamuzi peke yake, na Mwamuzi si mtu. Ni mtambo uliowekwa baada ya miaka mibaya, miaka ambayo kila mkoa ulijipimia mito yake kwa njia yake na kila mkoa ukajipa alama za kufaulu. Mto mmoja ulikuwa mzima ukiupima ukingo huu na mahututi ukivuka ng'ambo. Watu waliyanywa maji yaliyofaulu wakazikwa. Tangu hapo alama zote za mikoa zinapelekwa kwa Mwamuzi, naye anazigeuza kuwa kipimo kimoja kutoka sifuri hadi kumi. Mto ukishuka chini ya tano, unapewa Pumziko: hakuna kuchota, hakuna kumwaga, mpaka upone wenyewe.

Luhenda ya Lukemba ilikuwa imeshuka chini ya tano. Jua likizama bila ulinganisho wa alama kubadilika, taa ingegeuka nyekundu, lango lingefunga mfereji, na mpunga uliokuwa unaanza kuchanua ungekauka ukiwa umesimama. Baada ya hapo malori yangekuja kuwachukua watu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mji wa Itunda. Mto wa pale umepona kweli, sikatai, una samaki wa kutosha. Wa kuwavua ndio hawapo.

*

Kanuni za siku ya ulinganisho ni ngumu lakini zina maana. Vikosi viwili vinapima mahali pamoja, siku moja, kila kimoja kwa desturi ya kwao. Kati yao linatundikwa turubai ili asiwepo wa kumwiga mwenzake. Anayeruhusiwa kutazama pande zote mbili ni mlinganishi, naye haruhusiwi kugusa wavu wa mtu wala kutia neno.

Kilichopimwa ni wadudu. Vipima-sumu vinaweza kukuambia maji yakoje sasa hivi, lakini mdudu anakaa majini usiku na mchana, na kama juzi kulipita kitu kibaya, yeye alikuwepo. Kila aina ina alama yake. Anayeishi penye maji safi tu ana alama kubwa; anayevumilia uchafu ana ndogo. Unajumlisha alama za aina ulizozikamata, unagawanya kwa idadi ya aina, basi, mto umejieleza.

Ugomvi uko kwenye kuwakamata. Watu wa juu wanapiga teke: unasimama mtoni, unategesha wavu chini yako, unachokonoa mawe kwa buti, wadudu wanang'oka na kusombwa ndani. Watu wa bonde wanawaita wacheza mpira. Wao wa bonde wanapitisha wavu kwenye mizizi ya mafunjo na nyasi za ukingoni, wakipapasa na kufagia, na watu wa juu wanawaita wafagizi. Kwa miaka mingi alama za wafagizi zilikuwa juu kuliko za wacheza mpira, kwa hiyo Mwamuzi alijifunza kuzikata. Punguzo, tunaliita. Dhana ilikuwa kwamba watu wa bonde wanajipendelea.

Desturi ya teke inataka mawe, na mawe pekee ya Lukemba ni vifusi vya saruji vilivyobaki chini ya daraja wakati wa ujenzi. Basi Anyandwile na wenzake wakaenda kusimama hapo kwenye kivuli, wakapiga teke vifusi kwa bidii zote. Nilitaka kucheka tena lakini sikupata la kuchekesha. Hawakufanya kosa lolote. Walifuata walichofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi.

Kila baada ya muda wavu wao ulijaa majani marefu ya majini yaliyokuwa yanaelea. Vijana wa Anyandwile waliyachomoa kwa vidole viwili na kuyatupa ukingoni. Sikushtuka hata kidogo. Kwetu juu mto unakimbia juu ya miamba mitupu. Jani ukiliona kwenye wavu limeshuka na mvua kutoka shamba la mtu, ni takataka, na takataka hupekuliwa na nani? Nimeyatupa majani hayo maisha yangu yote.

Fungu moja likaniangukia kwenye kiatu. Niliinama nilipanguse, likatembea.

Halikuwa jani. Alikuwa mtoto wa kereng'ende, yule wa majini ambaye bado hajaota mabawa, amelikumbatia jani kwa miguu yote sita. Nikalifunua fungu. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, halafu wale wadogo wenye mikia mitatu, ambao matamvua yao hayawezi maji yasiyo na hewa, halafu kiwavi aliyejishonea nyumba kwa vipande vya majani hayo hayo. Nilipiga magoti pale kwenye matope nikafungua fungu la pili, na la tatu. Wadudu wa alama kubwa, wote wamelala ukingoni wakitapatapa juani, na kwenye wavu uliobaki safi kulikuwa na minyoo ya kwenye vifusi.

Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni, na furaha nayo imenipanda, zote mbili kwa pamoja.

*

Matokeo yalisomwa adhuhuri. Teke lilitoa tatu na kidogo. Ufagizi ulitoa sita na nusu.

"Tofauti imethibitishwa," alisema Mwamuzi kutoka kwenye spika iliyofungwa langoni, kwa Kiswahili chake kile kilichopigwa pasi. "Punguzo linabaki. Mlinganishi aweke kidole."

"Mlinganishi haweki kidole," nilisema.

"Mlinganishi ana muda hadi jua kuzama."

"Najua jua linazama lini. Nyamaza kwanza."

Niliwaita Anyandwile na Zaituni chini ya turubai jingine, la kivuli, nikamwaga majani kwenye sinia jeupe mbele yao. Zaituni aliwatazama wale wadudu, akanitazama mimi, akakaa chini taratibu kama mtu aliyetua mzigo.

"Hawakuwa wanatuonea," alisema. "Hawakuwaona tu."

Anyandwile alichukua kibanio akawageuza mmoja mmoja. Hakuwa mtu wa kubisha kilicho mbele ya macho yake. "Nimewatupa mimi," alisema. "Sina la kujitetea. Majani yahesabiwe." Kisha akakiweka kibanio chini. "Lakini dada Tusekile, ukisema majani yahesabiwe hapa, yatahesabiwa kila mahali. Hata Isumba."

Zaituni hakuelewa, ikabidi Anyandwile amweleze. Isumba ni kijito cha kwao kinachoingia Luhenda, huko juu kabisa. Juu ya kijiji kuna kiwanda cha ngozi, na maji yanayotoka kiwandani yana rangi ya chai iliyolala. Watoto wa Isumba wana vipele visivyopona. Mwanawe mwenyewe Anyandwile anaoga kwa maji ya mvua. Kwa miaka wamekuwa wakiomba kijito kipewe Pumziko ili bomba la kiwanda lifungwe, na mwaka huu hatimaye kilishuka chini ya tano. Kilishuka kwa unywele. Bomba lilikuwa lifungwe wiki ijayo.

"Na kijito chetu siku hizi kimejaa majani," alisema. "Kote. Kama majani yameipandisha Lukemba hivi, Isumba itapita mstari kabla sijafika nyumbani. Kiwanda kitaendelea, kikiwa na karatasi ya Mwamuzi mkononi."

Nje watu wa Lukemba walikuwa wameanza kukusanyika kwenye tuta la mfereji, kina mama na majembe yao, wakiitazama taa.

Zaituni ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, akinisogelea. Tangu asubuhi alikuwa ananiita Bi Mlinganishi mbele ya watu. "Wifi, andika bonde peke yake. Andika kwamba majani yahesabiwe bondeni, juu yasihesabiwe. Kwao ni mawe, kwetu ni majani, nani atakataa? Sisi tunapona, wao wanapona."

Nilimtazama Anyandwile. Alikuwa anatazama chini. Nilielewa kwamba nikiandika hivyo hatanisaliti kamwe.

Naomba niseme ukweli: nilitaka sana. Mpunga ule ninaujua, nimeula miaka ishirini. Vipele vya watoto wa Isumba nimeviona kwa macho yangu. Sentensi moja tu, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angelala amekasirika. Lakini sikujua kama ni kweli. Hakuna aliyewahi kupekua majani ya juu, kwa sababu sote tumeyatupa. Ningekuwa nachora mpaka ambao mdudu haujui, kwa kuwa tu umenipendeza, na tulikwisha kuwa na miaka ya watu kuchora mipaka iliyowapendeza. Kuna makaburi.

"Tuyapekue majani ya Isumba," nilisema. "Leo hii."

"Na yakikutwa na wadudu wazuri?" Anyandwile aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali, na nilijua lazima nilijibu kabla ya kuona, maana baada ya kuona ningekuwa mtu mwingine.

"Yakikutwa nao, nitaandika kwamba Isumba ni nzima, na nitaweka kidole. Utanichukia, na utakuwa na haki. Lakini sitaandika kitu ambacho sijakiona, hata kwa ajili yako. Wala kwa ajili yako wewe, wifi."

Zaituni alifyonya. "Kichwa kigumu. Kaka yangu alioa jiwe." Lakini alisimama yeye mwenyewe kwenda kuita droni.

*

Droni za maji zinaruka kati ya vituo kila siku zikibeba chupa za sampuli, na moja ilikuwa imetua kituo cha Isumba. Niliiongoza kutoka kwenye kioo cha simu yangu, Anyandwile akiwa bega la kulia na Zaituni la kushoto, ili asije mtu akasema mkono wa upande mmoja ulichagua. Tuliona kijito kikitujia kwenye kioo, cheusi kuliko nilivyokikumbuka, na majani yamelala juu yake kijani kibichi kinachovutia. Anyandwile alivuta pumzi kwa maumivu. Majani yale yalikuwa yamenawiri kupita ya Lukemba.

Kucha za droni zikazama, zikachomoa fungu, zikalifungia ndani ya ndoo pamoja na maji yake. Halafu ikaanza safari ya kushuka nchi nzima kuja kwetu, na sisi tukaanza kungoja.

Sijui kungoja kwa wengine kukoje. Mimi huwa mkali. Niligombana na Mwamuzi kuhusu kivuli cha lango, kama ni cha jioni tayari. Niligombana na kijana aliyeniletea chai kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Kule kwenye tuta watu walikuwa wameambiwa kinachoendelea, na mwanamke mmoja akaniita kwa sauti, "Mama, hata hao wa juu tunawaombea!" Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya buti.

Jua lilikuwa limeshakuwa kubwa na jekundu juu ya mashamba droni ilipotua. Niliagiza turubai la katikati liondolewe. Kwa mara ya kwanza katika siku ya ulinganisho, vikosi viwili viliinama juu ya sinia moja: wafagizi wakaonyesha jinsi ya kulisuuza jani polepole upande wa chini, wacheza mpira, ambao mikono yao imezoea wadudu wadogo wa kwenye mawe, wakabana na kutenga.

"Nimempata wa mikia mitatu," alisema mtu.

Alikuwa Anyandwile. Alimshikilia kwenye ncha ya kibanio, yuko hai, anapiga mikia. Mdudu wa alama kubwa. Angeweza kumwachia arudi kwenye tope la sinia na pasingekuwa na shahidi. Alimweka kwenye kikombe, akasema tena kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mmoja, wa mikia mitatu, Isumba."

Nilimheshimu mtu yule kuliko ninavyoweza kueleza.

"Endeleeni," nilisema.

Waliendelea. Minyoo myekundu, ile inayoishi pasipo hewa, ikatoka kwenye mizizi kama nyuzi za sweta lililofumuka. Konokono wa maji machafu. Funza wenye mkia mrefu wa kupumulia, ambao wanautoa nje ya maji kwa sababu ndani hamna cha kupumua. Ruba. Viluwiluwi vya mbu. Aina baada ya aina, zote za alama moja, alama mbili. Walipekua jani la mwisho na hakuna mwingine wa mikia mitatu aliyeonekana. Yule mmoja labda aliletwa na mkondo kutoka juu ya kiwanda na alikuwa hajajua amefika wapi.

"Kumbe yamenawiri kwa ule uchafu," alisema Zaituni taratibu. "Wenyewe ndio mbolea."

Nilipeleka hesabu zote mbili, ya Lukemba na ya Isumba, kwa Mwamuzi, majani na mawe pamoja, kanuni moja kwa mto wote wa Luhenda, juu na bondeni: penye jani, jani lisuuzwe; penye jiwe, jiwe lipigwe teke; wote wahesabiwe. Nikaweka kidole.

Mwamuzi alidai kidole mara ya pili. Huwa anafanya hivyo, nadhani kwa kutukomoa.

"Ulinganisho umepokelewa," alisema. "Punguzo limefutwa. Luhenda ya Lukemba, sita. Lango libaki wazi."

Sikusikia alichosema baadaye kwa sababu tuta zima lilipiga kelele. Majembe yalirushwa juu. Zaituni alinikumbatia na matope yake yote, akilia na kunitukana kwa mapenzi, akisema atanipikia wali mpaka nishindwe kupita mlangoni. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa na kucheka peke yangu, nimefarijika mpaka nikaona aibu. Nilijua kesho kanuni ile itaanza kupita kwenye mito mingine, na iko iliyojisifu miaka mingi itakayoanguka, na watu wake watalitafuta jina langu. Hiyo ni kesho.

"Kimya kidogo!" alipaza sauti Anyandwile. "Kimya, tafadhali! Isumba je?"

Watu wakanyamazishana. Mwamuzi akarudia, kwa sauti ile ile iliyopigwa pasi. "Isumba, mbili na nusu. Hali ni mbaya. Pumziko halingoji wiki ijayo. Bomba la kiwanda linafungwa sasa."

Anyandwile alitoa simu yake. Vidole vilikosea mara mbili kabla haijaita. Alizungumza Kinyakyusa, maneno machache, na nje ya kikosi chake mimi peke yangu ndiye niliyemwelewa. Kisha akaishika simu mbali na sikio, kwa maana kule upande wa pili vilikuwa vimelipuka vigelegele, vya mwanamke mmoja, kisha vya wanawake wengi, vikija kutoka milimani mpaka kwetu bondeni, na Zaituni akaanza kuviitikia kabla hajajua ni vya nini.

"Kuna nini huko?" aliniuliza katikati ya kigelegele. "Wameoza binti?"

"Hapana," nilimwambia. "Amewaambia kijito chao ni kigonjwa, na sasa mtambo umewaamini."